Kitanda hakikupoa

Jamani, leo nimesikia jambo limenigusa, acha niliandike kabla sijalala.

Mlio huku Fort Worth, Texas, mnaijua White Settlement, ule mji mdogo upande wa magharibi. Zamani ilikuwa mashamba tu.

Mwaka 1941 kikaanza kujengwa kiwanda cha ndege za kivita za B-24, kirefu karibu maili nzima. Wafanyakazi wakamiminika, serikali ikawajengea nyumba za haraka haraka, za muda. Wakapaita Liberator Village.

Vita vikaisha 1945. Mji ukabaki. Kiwanda nacho kipo hadi leo, sasa kinaunda ndege za kivita za F-35.

Bibi ninayemhudumia kazini ameniambia wazazi wake waliishi humo. Baba zamu ya mchana, mama zamu ya usiku, akipiga ribiti kwenye mabawa ya ndege. Mmoja akiamka, mwenzake anajilaza palepale.

"Kitanda chetu hakikupoa miaka yote ya vita," akasema.

Nikakaa kimya kwanza. Kisha nikamsimulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania nilikokulia. Nasi tuliambiwa ni kwa muda. Kambi ilifunguliwa 1996 na bado ina watu! Mama alipanda mwembe mbele ya nyumba yetu ya udongo, majirani wakamshangaa. Tulikula maembe yake kabla ya kuja Marekani.

Bibi akataka kujua yalikuwa matamu kiasi gani. Nimemwambia, mama, hapa Texas sijapata mfano wake.

Ndugu zangu mliokulia kambini, ninyi wazazi wenu walipanda nini? Niandikieni hapa, nataka nimsomee kesho.