Hermes: baitikodi ipikwe kwenye kompyuta, simu ibaki kuila tu

Programu ya React Native (zana ya kujenga programu za simu kwa JavaScript) ikifunguliwa kwenye simu ya bei ndogo, sekunde za mwanzo huliwa na kazi ambayo mtumiaji haioni: injini inasoma JavaScript, inaichambua, inaigeuza kuwa baitikodi (maelekezo mafupi ambayo injini huyatekeleza), ndipo inaanza kuitekeleza. Hermes, injini ya JavaScript iliyotoka 2019, inahamishia kazi hiyo kwenye kompyuta inayojenga programu. Tangu React Native 0.70, ya mwaka 2022, ndiyo injini unayoikuta tayari imewashwa.

Ukiandika `./gradlew assembleRelease`, amri ya kujenga programu ya Android ya kuwapa watumiaji (release), mambo mawili hufuatana. Metro, kiunganishi cha React Native, inaunganisha mafaili yako yote ya JavaScript kuwa bando moja (si lile la MB), kisha `hermesc`, kompaila ya Hermes, inaligeuza bando hilo kuwa baitikodi, yaani inalikompaili. Kwenye mradi wa 0.76 ulio juu ya Linux, unaweza kuyafanya kwa mkono hivi:

```
npx react-native bundle --platform android --dev false \
  --minify false --entry-file index.js \
  --bundle-output /tmp/b.js \
  --sourcemap-output /tmp/b.packager.map

node_modules/react-native/sdks/hermesc/linux64-bin/hermesc \
  -emit-binary -O -output-source-map \
  -out /tmp/b.hbc /tmp/b.js
```

Hiyo `--minify false` haikuwekwa kwa bahati mbaya. Nafasi tupu na maoni ya msimbo havifiki kwenye baitikodi, kwa hiyo kubana maandishi kabla ya kukompaili hakuokoi cha maana. Gradle, zana inayoendesha ujenzi wa Android, yenyewe huzima ubanaji huo ikiona Hermes imewashwa. Na bildi ya debug (ya majaribio) haikompailiwi kabisa. Anayepima kasi ya kufunguka kwa kutumia debug anapima kitu kingine.

Jina la faili ndilo linalowachanganya wengi. Ndani ya APK, faili la programu ya Android, linabaki `index.android.bundle`, liwe JavaScript au baitikodi. Usiliamini jina, tazama baiti zenyewe:

```
unzip -p app-release.apk assets/index.android.bundle | xxd -l 12
```

Baiti 8 za kwanza zikiwa `c61f bc03 c103 191f`, hiyo ni baitikodi ya Hermes. Nne zinazofuata ni namba ya toleo la baitikodi. Ukiona herufi za kawaida kama `var __BUNDLE`, hatua ya pili haikufanyika, na simu ndiyo itakayobeba mzigo.

Namba hiyo ya toleo ndiyo chanzo cha ajali mbaya kuliko zote. Baitikodi si lugha ya kudumu kama JavaScript. Ni mapatano kati ya `hermesc` moja na injini moja. Ukituma sasisho la bando kupitia mtandao, bila APK mpya, na umelikompaili kwa `hermesc` ya toleo jingine, injini iliyo ndani ya simu italikataa kwa ujumbe wa `Wrong bytecode version`, na programu itaanguka ikifunguliwa. Matoleo mawili ya React Native yanaweza kuwa na namba moja ya baitikodi, ndiyo maana kosa hili hupita mara kadhaa bila madhara kisha likalipuka siku moja. Kila APK inayotoka, hifadhi namba yake. `hermesc --version` inaionyesha. Kabla ya kutuma sasisho, linganisha.

Kasi nyingine inatokana na namna faili linavyosomwa. Hermes hupenda kuliambatisha faili moja kwa moja kwenye kumbukumbu, ikivuta kurasa inazohitaji tu. Bando likiwa limebanwa ndani ya APK, haiwezekani: lazima lifunguliwe lote kwanza. Kuanzia 0.79 halibanwi tena. APK inanenepa kidogo, programu inafunguka upesi. Ukijali ukubwa zaidi, weka `enableBundleCompression = true` kwenye sehemu ya `react` ya `android/app/build.gradle`.

Ripoti za kuanguka nazo hubadilika sura. Badala ya mstari wa faili lako unapata `address at index.android.bundle:1:285123`. Ramani (source map, faili linalooanisha msimbo uliozalishwa na ule wa asili) iliyotoka kwa `hermesc` inakurudisha kwenye bando la Metro tu; ili ufike kwenye faili lako, unganisha ramani mbili:

```
node node_modules/react-native/scripts/compose-source-maps.js \
  /tmp/b.packager.map /tmp/b.hbc.map -o /tmp/b.map
```

Ifanye siku ileile ya bildi, kwa sababu ramani ya bildi nyingine itakuelekeza kwenye mstari usiohusika, tena bila kulalamika.

Wapo wanaokompaili wakidhani wanaficha msimbo. Endesha `strings` juu ya `b.hbc` uone: anwani za seva, funguo za API, ujumbe wa makosa, vyote vipo, vimegandana tu kwa sababu Hermes hupakia matini bila nafasi kati yake.

Kinachopotea kweli ni maandishi ya fanksheni. `toString()` juu ya fanksheni inarudisha mwili ulioandikwa `[bytecode]`, kwa hiyo maktaba inayochukua maandishi hayo ili kuyapeleka kwenye WebView (kivinjari kilicho ndani ya programu) inavunjika. Kama fanksheni ni yako, weka `'show source'` kama mstari wake wa kwanza. Hermes itayabakiza maandishi yake.