Kawaweza

Mume wangu alifariki mwanzoni mwa 2009, nikakaa eda kama mjane yeyote wa Kiislamu, miezi minne na siku kumi. Hina hupaki, wanja hutii, udi hujifukizi, nguo ya kupendeza huvai, nyumbani hutoki ila kwa haja. Masharti hayo hayakunielemea hata kidogo. Siku zile hata ungeniletea asumini za Tanga nzima nisingezinusa. Kilichonielemea ni alasiri.

Asubuhi nyumba yetu ya Ngamiani haikukosa watu. Majirani waliingia na uji na maneno ya subira, mashangazi walifua na kupika na kubishana juu ya chumvi. Ikipita adhuhuri kila mmoja alirudi kwake. Mume wangu alikuwa akifanya kazi bandarini, na miaka yote alirudi saa kumi. Ikifika saa kumi masikio yangu yalitega yenyewe, yakingoja baiskeli yake igonge kizingiti cha mlango wa uani. Nilijua haji. Masikio hayakujua.

Wifi yangu mkubwa, dada yake marehemu, alihamia kwangu kunikalia. Siku moja alitoa kitabu chembamba kikapuni, jalada limekwisha rangi.

"Ndugu yangu alikiacha kwangu zamani," akasema. "Mimi macho yangu ndiyo haya, yameingia mtoto wa jicho. Soma wewe, wifi. Kusoma hakumo katika makatazo."

Kilikuwa Wasifu wa Siti Binti Saad, cha Shaaban Robert. Mwaka ule ule ilitimia miaka 100 tangu mwandishi huyo azaliwe Vibambani, hapa hapa kwetu Tanga, na mimi niliyezaliwa na kukulia mji huu sikuwahi kukifungua kitabu hicho.

Mwanzoni hakikuingia. Macho yalipita mstari mzima yakafika mwisho mikono mitupu. Lakini wifi alikuwa na utaratibu wake na hakuniuliza kama naupenda. Baada ya sala ya adhuhuri alinibandikia maji ya moto, nikaoga kwa sabuni ya mche isiyo na harufu. Akanichana nywele polepole, akizigawa kwa vidole. Kisha mkeka uani chini ya mwembe, na birika la chai ya mchaichai. "Kaa hapo na kitabu chako," alisema, akaenda zake jikoni. Nilianza na ukurasa mmoja. Baadaye nikagundua kwamba tangu asubuhi mwili wangu ulikuwa ukikingoja kivuli kile, na chai ile, na kitabu kile.

Nikafika pale Siti anapoanza kusikika mjini Unguja. Binti wa Fumba, aliyekuwa akitembeza vyungu kuviuza, hakujua kusoma wala kuandika, na sasa watu wanakesha kumsikiliza. Waliomwonea choyo wakamtungia wimbo wa kumkashifu, sura yake na asili yake. Naye akawajibu kwa wimbo, kwamba uzuri na ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili.

"Kawaweza!" nikasema.

Nilisema kwa sauti kubwa, na kicheko ndani yake. Sauti yangu ikagonga ukuta wa ua ikanirudia. Nikajiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Nyumba ya msiba, mjane ndani ya eda, anacheka peke yake! Moyo ulinidunda kwa hofu ya kweli, maana niliamini kwamba siku nitakayofurahi ndiyo siku nitakayokuwa nimemsahau.

Wifi akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Nani kawaweza?"

"Siti," nikajibu.

Akaketi kwenye mkeka, akanyoosha miguu. "Anzia pale walipomtukana. Soma kwa sauti."

Nikasoma. Nilipofika kwenye majibu alifumba macho, akaupokea wimbo na kuuimba, chini chini, kwa sauti ya kizee iliyokuwa bado imenyooka. Mama yao alikuwa na santuri za Siti, na wifi alizisikia utotoni mpaka akazihifadhi. Mume wangu pia atakuwa alizisikia, akiwa mtoto wa kubebwa. Hilo sikuwahi kulijua.

Alipomaliza akanitazama. "Mimi ndugu yangu nitamlilia mpaka niingie kaburini," akasema. "Lakini alasiri ni ndefu, wifi. Lete chai."

Ningekuwa nimeambiwa hivyo na mtu mwingine yeyote nisingekubali. Aliyesema ni dada wa tumbo moja na marehemu, mwenye haki kuliko wote ya kunikasirikia.

Tangu siku ile tulisoma wawili. Tulikwenda taratibu, kwa sababu wifi alinikatisha kila mara abishane na mwandishi. Habari ya 1928, Siti alipopelekwa Bombay kurekodi santuri, alinitaka niirudie tena na tena. Alitaka kuiona meli, na uso wa yule mwanamke wa Fumba anapoisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye chombo. Kitabu kilipokwisha alimtuma mjukuu kwa mwalimu wa jirani akaazime kingine. "Kinene," alimwagiza.

Siku niliyotoka eda wanawake walikuja alfajiri wakaniogesha, wakanivisha kanga mpya, wakanifukiza udi hadi macho yakaniwasha. Nililia sana, nao wakaniacha nilie. Mchana wakanipaka hina mikono yote miwili, wakaenda kula.

Saa kumi wifi akaja na kitabu, akakuta viganja vyangu viko juu, hina bado mbichi. Akakaa ubavuni pangu, akakifungua magotini mwake, nami nikawa nasoma huku yeye akigeuza kurasa. Herufi hazioni, kwa hiyo kila nilipofika chini nilimwambia, "Geuza." Mara mbili aligeuza kurasa mbili pamoja, tukampoteza mtu mmoja wa hadithi, ikabidi turudi nyuma kumtafuta.

"Usimruke," wifi akasema. "Huyo ndiye ninayemtaka."