Jinsi nilivyomzoesha paka wangu kulala ndani

Paka wangu alikuwa akizurura usiku kucha, anarudi alfajiri sikio limechanika, damu imegandia kwenye manyoya. Nilipoanza kumfungia ndani, alilia mlangoni na kukwaruza mbao hadi rangi ikabanduka. Kosa lilikuwa langu: nilimfungia bila kumpa shughuli. Paka huchangamka zaidi jua linapozama na kunapopambazuka, kwa hiyo nikabadili ratiba. Jioni namchezesha kwanza kwa unyoya uliofungwa kwenye kamba, dakika 15 hivi, mpaka achoke, ndipo anakula. Beseni la mchanga nikaliweka mbali na bakuli lake (hapendi kujisaidia karibu na chakula, na nani anapenda?). Wiki ya kwanza sikulala. Ya tatu alijikunja dirishani, kimya, akiwatazama popo.