Siku 12 ambazo seva zetu hazikusemezana

Ijumaa moja ya Aprili, masika yamepamba moto, umeme ulikatika ofisini kwetu Morogoro saa moja jioni. Betri ya UPS, kifaa chetu cha umeme wa akiba, ilihimili dakika chache, kisha seva ikazimika papo hapo. Baadaye usiku mlinzi akawasha jenereta, na seva ikajiwasha yenyewe. Jumatatu nilipoingia kazini folda zote zilifunguka, printa zilichapa, hakuna aliyelalamika. Nikaendelea na shughuli zangu.

Jumatano ya wiki iliyofuata akanipigia mhasibu wa tawi letu la Ifakara, mama mtu mzima asiye na papara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile orodha ya marejesho niliyoirekebisha, huko makao makuu wanasema hawaioni. Tena wananisomea tarakimu ambazo mimi sizijui kabisa."

Moyo ulinienda mbio. Sisi ni chama cha akiba na mikopo. Orodha ile ndiyo inayosema nani kalipa na nani bado, na nyuma ya kila mstari kuna mtu aliyeleta fedha yake mkononi. Sasa orodha zilikuwa mbili, kila upande ukiamini yake ndiyo sahihi.

Seva zetu zote mbili, ya Morogoro na ya Ifakara, zinaendeshwa na Windows Server 2012, mfumo wa Microsoft, na kazi ya kunakiliana folda ya mikopo inafanywa na DFS Replication, huduma iliyomo ndani ya mfumo huo. Nilianza na mtandao: mawasiliano yapo, nafasi kwenye diski ipo, huduma yenyewe inaonekana inafanya kazi. Nikaweka faili dogo la majaribio Morogoro, nikamwomba mama alitazamie Ifakara. Halikufika. Saa nzima nilipoteza hapo, ilhali jibu lilikuwa limeandikwa kwenye kumbukumbu za matukio za DFS Replication tangu usiku ule wa Ijumaa: tukio namba 2213.

Kwenye kila diski, huduma hii inatunza hifadhidata yake inayojua kila faili liko kwenye toleo lipi. Umeme ukikatika kabla hifadhidata haijafungwa vizuri, haiwezi kuaminiwa mpaka ilinganishwe upya na mafaili yaliyopo. Katika toleo la 2012 Microsoft waliamua huduma isianze ulinganishaji huo yenyewe. Inasimamisha unakili kwenye diski husika, inaandika 2213, inamsubiri msimamizi. Uamuzi huo nauafiki, kwa sababu unakupa nafasi ya kuweka nakala ya akiba kwanza. Ila onyo linakaa kwenye kumbukumbu tu, na huku watu wanaendelea kuandika pande zote mbili.

Amri ya kuendeleza imo ndani ya maelezo ya tukio lenyewe: ya wmic, chombo cha amri cha Windows, inayoishia na ResumeReplication, pamoja na kitambulisho cha diski yako. Unainakili na kuibandika. Nawaomba sana wenzangu, msiibandike palepale. Faili likiwa limebadilishwa pande zote mbili, DFS Replication inabakiza lile lililoandikwa mwisho; lililoshindwa linahamishiwa folda iliyofichwa ya ConflictAndDeleted, likiwa limebadilishwa jina. Folda hiyo ina kikomo cha ukubwa, na kikifikiwa vya zamani vinafutwa. Kwetu aliyeandika mwisho angeweza kuwa karani aliyerekebisha neno moja, akafunika marejesho ya wiki nzima.

Kwa hiyo nilinakili folda ya Morogoro na ya Ifakara kwenye diski mbili za nje, ndipo nikatoa amri. Ulinganishaji ulichukua karibu usiku kucha. Nilikaa pale pale, sikuigusa huduma, maana ukiizima katikati unarudi mwanzo. Alfajiri likatokea tukio 2214: imekamilika. Mafaili 41 yalikuwa yameguswa pande zote mbili. Mimi na mama tuliyapitia kwa simu, moja baada ya jingine, kwa siku mbili, yeye akisoma kutoka kwenye stakabadhi za karatasi.

Tuliwahi. Toleo la 2012 linahesabu siku: seva ikikaa nje ya unakili zaidi ya siku 60, inakataliwa kurudi na unaona tukio 4012. Hapo kazi ni nyingine kabisa, ya kuamua upande upi ni wa kweli na kuanza upya.

Kuna thamani kwenye rejistri, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, iitwayo StopReplicationOnAutoRecovery; ukiiweka 0, huduma inajirekebisha bila kukusubiri. Kwa folda ya mikopo nimekataa. Badala yake nimefunga kazi ya ratiba inayonitumia barua pepe mara 2213 inapotokea. Na UPS nimeiunganisha na seva kwa waya wake wa USB, ili betri ikipungua seva ijizime kwa utaratibu.

Juzi usiku umeme ulikatika tena. Asubuhi nilifungua kumbukumbu kabla ya kuweka begi chini: seva ilijizima vizuri, 2213 haikuwepo. Nikampigia mama Ifakara. Faili la majaribio lilikuwa limeshamfikia.