Mjomba, Kisu na Kanda za Malindi

Kanda zilikuja ndani ya katoni ya tambi. Mjomba alitoka nazo Malindi kwa matatu hadi kwetu Kibokoni, Mombasa, ameipakata katoni njia nzima kama mtoto mgonjwa. Alikuwa mpishi kwa mzee mmoja wa Kitaliano, na yule mzee aliporudi kwao moja kwa moja aligawa vitu. Mtunza bustani akapata baiskeli, mjomba akapata sufuria na kanda kumi na nne za video, zote filamu za mauaji. Sufuria mamangu angali nayo.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Deki tuliazima kwa jirani kila Jumamosi usiku, na sharti lake lilikuwa moja tu: na yeye aje atazame.

Kanda zote Kitaliano kitupu, hakuna maandishi chini. "Si kitu," akasema mjomba, "nitawafasiria." Akakaa mkekani karibu na televisheni, akaanza. Tulimwamini, mtu amekaa na Wataliano miaka tisa! Tulilosahau ni kwamba miaka yote tisa ilikuwa ya jikoni. Alijua chumvi, alijua samaki, alijua "haraka" na "bado". Polisi mmoja alipotaja coltello, mjomba aliruka: "Kisu! Asema kisu!" Kisu chenyewe tulikuwa tumekiona zamani, kimejaa kioo kizima.

Wataliano filamu hizi huziita giallo, yaani manjano, kwa sababu ya riwaya za upelelezi ambazo wachapishaji wa Mondadori walianza kuzichapa mwaka wa 1929 zikiwa na majalada ya rangi hiyo. Kwenye sinema neno likajichukulia mambo yake: muuaji wa glavu nyeusi ambaye uso huuoni, polisi wasiosaidia kitu, na mpita njia, mara nyingi mgeni, aliyeona jambo asijue ameona nini.

Ya kwanza kuingia kwenye deki ilikuwa L'uccello dalle piume di cristallo ya mwaka wa 1970, filamu ya kwanza Dario Argento kuongoza. Mwandishi wa Kimarekani anatembea Roma usiku. Ng'ambo ya barabara kuna ukumbi wa sanaa, mbele ni kioo kitupu, taa zawaka kweupe, na ndani watu wawili wanang'ang'aniana: mmoja kavaa nyeusi, wa pili mwanamke kavaa nyeupe. Anakimbilia. Mlango wa kioo mbele yake haufunguki, na wa nyuma umeshajifunga. Amebanwa katikati, mwanamke anatambaa sakafuni na damu, anamnyoshea mkono, na yeye hana la kufanya ila kutazama.

Hapo mjomba alinyamaza. Hakukuwa na maneno ya kufasiri. Mamangu alikuwa akishona kofia za mkono, tundu baada ya tundu, akiinua macho na kuyashusha. Sindano ikasimama.

"Hebu rudisha," akasema. Jirani akarudisha. Akatazama mara ya pili, miwani kaishikilia. "Haya, basi." Kisha akaniinamia sikioni, akanitajia muuaji. Sitawaambia alimtaja nani.

Mjomba yeye alikuwa na yake. Muuaji, kwa tafsiri yake, ni ndugu wa tajiri mmoja, na chanzo ni mirathi ya shamba. Filamu nzima ile haina shamba.

Leo nina cherehani zangu sita, na filamu zile nazitazama upya kwenye kompyuta, maandishi yako chini. Nimekuja kumpenda zaidi Mario Bava, aliyekuwa mpiga picha wa filamu kabla ya kuwa mwongozaji, na yaonekana. Filamu yake Sei donne per l'assassino, ya mwaka wa 1964, iko ndani ya jumba la mitindo la Roma, masanamu ya nguo kila pembe, taa za zambarau na kijani zisizojulikana zatoka wapi. Mwanamitindo ameuawa, shajara yake imepatikana, imetiwa mkobani. Onyesho la mavazi laendelea, na kila apitaye autupia jicho ule mkoba. Hakuna asemaye lolote. Aliyewahi kufanya kazi chumba kimoja na mafundi watano, kumi la mwisho la Ramadhani, daftari la madeni liko juu ya meza, anaujua ukimya ule. Husimuliwa kwamba pesa zilikuwa chache hata kamera ikapandishwa kwenye kigari cha mtoto cha kuchezea, ikavutwa. Mkokoteni, kwa jina letu.

Koti la muuaji ndilo linalonisumbua. Limekatwa pana, limenyooka, huwezi kujua ni mume au mke. Nimesimamisha picha mara nyingi nitafute vifungo, maana koti la kiume hufungwa kushoto juu ya kulia. Giza. Kuna na linalonikera: wanaume hufa upesi, wanawake hufa polepole na nguo zimepasuliwa. Hapo nasogeza mbele. Na vitambaa vizuri vile!

Jambo moja nililijua juzi tu. Filamu za Italia za wakati ule sauti zilitiwa baadaye, studioni. Kwenye seti mwigizaji mmoja alisema Kiingereza, mwenzake akamjibu kwa Kitaliano, kazi ikaenda. Nilimpigia mjomba simu kumwambia. Akafurahi sana. "Waona? Hata wao walikuwa wakibahatisha."

Usiku ule wa kanda ya kwanza muuaji alipojulikana, nilimgeukia mamangu. Hakuinua uso, alikuwa akikata uzi kwa meno. Jirani alimgeukia mjomba.

"Si ulisema ni ndugu?"

Mjomba akatazama televisheni, akatutazama sisi.

"Ndugu, ndiyo. Kwa Kitaliano ni neno lilo hilo moja."

"Zima deki," mamangu akasema, "watu wakalale."