Laini kwanza, risiva baadaye (na najua mtaniletea Chase)

Kila mwaka ikifika Aprili grupu letu la WhatsApp la watu wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani (tupo wachache, wengine Dar, wengine Mombasa, mmoja yuko Minnesota na anajiona mpira ni wa baba yake) linawaka moto kwa swali lile lile: timu ina chaguo la juu kwenye drafti, kwotabeki (yule anayerusha mpira) tayari unaye, sasa unachukua lainimani au risiva (mdakaji wa pasi)? Na kila mwaka risiva anashinda kwa mbali. Nawaelewa, risiva ndo raha ya macho, anakimbia, anadaka, anafunga tachidauni, anacheza dansi pale nyuma, kesho yake watoto wanataka jezi yake.

Kwa wageni wa mchezo huu, drafti ni siku ambazo timu 32 zinagawana vijana wanaotoka vyuoni, raundi 7, iliyofanya vibaya zaidi ndo inaanza kuchagua. Lainimani ninaowazungumzia ni wale mabonge watano wanaosimama mbele ya kwotabeki kumkinga. Ukimtoa wa katikati anayeanzisha mpira, hao wengine wanaweza kumaliza msimu mzima bila kuugusa, na jina la mtu wa laini ukilisikia kwenye TV mara nyingi ujue kaharibu.

Mimi niko upande wa mabonge. Risiva mzuri utamkuta hata raundi ya pili, ya nne, ya tano huko, wapo kibao. Mtu wa pembeni kwenye laini, yule wa kiwango cha juu kabisa, ukimwacha apite usiku wa kwanza huyo umeshamkosa.

Najua mnakuja na Bengals, timu iliyochagua risiva. Njooni.

Drafti ya 2021. Cincinnati Bengals wana chaguo la 5. Kwotabeki wao Joe Burrow, ambaye walimchukua namba 1 mwaka mmoja kabla, ametoka kuchanika kano za goti la kushoto Novemba 2020 kule Washington, mlinzi wake alisukumwa kinyumenyume akamwangukia mguuni (mlinzi mwenyewe anaitwa Michael Jordan, sio yule). Kijana wa watu yuko na magongo, halafu mezani kuna majina mawili: lainimani Penei Sewell wa chuo cha Oregon, mzaliwa wa Samoa ya Marekani, bonge la kilo kama 150 lakini linatembea kama paka, na risiva Ja'Marr Chase wa chuo cha LSU, aliyekuwa anapokea pasi za huyo huyo Burrow mwaka 2019 walipobeba ubingwa wa vyuo bila kupoteza mechi hata moja. Ligi nzima ikabishana wiki na wiki. Na kumbuka Bengals risiva walikuwa nao tayari, Tyler Boyd na Tee Higgins, wote wawili walipatikana raundi ya pili! Wakamchukua Chase. Dolphins namba 6 nao wakachukua risiva, Jaylen Waddle, ndo Detroit Lions namba 7 wakamdaka Sewell na vyumba vyao vya maamuzi vikalipuka kwa shangwe.

Msimu ukaanza na Chase akawaka kweli kweli, sitaki kumnyima haki yake: pasi 81, yadi 1,455, tachidauni 13, tuzo ya mshambuliaji bora wa wanaoingia ligi, na siku moja dhidi ya Chiefs alikusanya yadi 266 peke yake, mechi moja hiyo. Bengals wakafika Super Bowl. Hapo ndo watu wangu wanapofunga mjadala, "si unaona, risiva kawafikisha fainali".

Sawa, ila hiyo hadithi ina upande wa pili. Msimu ule ule Burrow aliangushwa na mpira mkononi mara 51, hakuna kwotabeki mwingine aliyefikia. Kwenye mtoano mechi ya Titans pekee aliangushwa mara 9. Mara tisa! Wakashinda 19-16 kwa teke la mwisho, na mimi mpaka leo naamini ile mechi walipewa na Mungu tu. Kuwa na Chase nyuma ya laini ile ni sawa na kununua sabufa ya maana wakati bati linavuja.

Halafu Super Bowl yenyewe, Februari 2022, huku kwetu ilishakuwa Jumatatu asubuhi, watu wanavaa viatu waende kazini. Rams wanaongoza 23-20. Bengals wana mpira katikati ya uwanja, jaribio la nne ambalo ndo la mwisho, wanahitaji yadi moja tu kubaki na mpira, sekunde 43 zimebaki. Mpira unaanzishwa. Kushoto Chase anampita beki wa Rams Jalen Ramsey, Ramsey anayumba, Chase anakata mbuga peke yake mbele hakuna mtu. Hiyo ni mechi imeisha, hiyo ni pete ya ubingwa. Lakini Burrow hana hata nafasi ya kunyanyua kichwa, Aaron Donald wa Rams ameshampita mlinzi wake, ameshamshika kiunoni anamzungusha kama nguo unayoikamua, mpira unatoka mkononi ovyo, unaanguka chini mbali na mtu. Kwishnei. Usiku huo aliangushwa mara 7 na hiyo ya mwisho haimo hata kwenye hesabu maana ilihesabiwa ni pasi iliyoanguka. Rudia ile video, usimwangalie Donald, mwangalie Chase, utaumia.

Yule jamaa wa Minnesota huwa ananijibu kwamba Donald alipita ndani na Sewell ni mtu wa pembeni, kwahiyo Sewell asingesaidia kitu. Hoja nzuri hiyo, siikatai kizembe. Ila siku ile kulia kabisa alisimama Isaiah Prince, aliyeingia kwa sababu Riley Reiff aliumia Desemba, na laini ni watu watano wanaoegemeana, ukiwa na mmoja ambaye hahitaji msaada kabisa yule wa ndani anapata mtu wa kumsaidia na Donald anakutana na watu wawili badala ya mmoja. Hiyo ndo maana halisi ya mtu kama Sewell, anakupa mtu wa ziada.

Twende Detroit sasa maana kule ndo utamu ulipo. Drafti hiyo hiyo ya 2021, Lions baada ya kumchukua Sewell walisubiri, wakasubiri, mpaka raundi ya nne, chaguo la 112, wakamchukua risiva anaitwa Amon-Ra St. Brown. Risiva 16 walikuwa wameshaitwa kabla yake, na jamaa ana kinyongo hicho, majina yote 16 anayo kichwani anakutajia moja baada ya jingine bila kusoma popote. Mwaka 2023 akadaka pasi 119 kwa yadi 1,515. Sewell akaingia kikosi bora cha ligi 2023, akaingia tena 2024. Timu iliyoshinda mechi 3 tu mwaka wao wa kwanza ikaenda 12-5 (kushinda 12, kupoteza 5), halafu 15-2. Kwahiyo bonge namba 7 na risiva namba 112, na umepata vyote viwili. Geuza sasa, niambie bonge gani wa kiwango cha Sewell alikuwa anakusubiri namba 112? Bengals wenyewe walijaribu, raundi ya pili wakamchukua Jackson Carman wa Clemson, na hakuwahi kuwa mtu wa kutegemewa.

Wapo mtakaonitajia Jordan Mailata wa Eagles, Mwaustralia aliyetoka raga, raundi ya saba, leo ni ukuta. Ndio, yupo. Kocha wake wa laini alikuwa Jeff Stoutland, kama na wewe unaye Stoutland basi chukua risiva uendelee na maisha yako.

Chargers 2024 walifanya kitu kile kile nikafurahi mpaka jirani akagonga ukuta. Chaguo la 5, risiva Malik Nabers yupo pale anang'aa, kocha Jim Harbaugh akasema hapana, akamchukua Joe Alt wa laini, risiva akamchukua raundi ya pili, Ladd McConkey, namba 34. McConkey yadi 1,149, timu 11-6. Nabers alienda Giants namba 6, akapata yadi 1,204, zaidi kidogo tu, na Giants wakamaliza 3-14. Sisemi Nabers ndo kawaangusha, Giants wana matatizo yao ya miaka, ila zile yadi tamu ziliwafikisha wapi?

Na Chiefs! Fainali ya Februari 2021 walinzi wote wawili wa pembeni, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, walikuwa majeruhi, kwotabeki wao Mahomes akakimbia uwanja mzima kama kuku anayetafutwa sikukuu, wakafungwa 31-9. Risiva wao Tyreek Hill alikuwepo siku hiyo, Travis Kelce alikuwepo, wote hao. Wakajenga laini upya, 2022 wakamuuza Hill Miami, na wakabeba Super Bowl mbili mfululizo bila yeye.

Hoja pekee inayonikosesha usingizi ni ya hela. Chase alisaini Machi 2025 mkataba wa dola milioni 161 kwa miaka 4, zaidi ya milioni 40 kwa mwaka. Sewell alisaini milioni 112 kwa miaka 4, yaani 28 kwa mwaka. Kwahiyo ukimpata risiva wa namna ile kwenye drafti, ile miaka ya mwanzo unamlipa mshahara wa mtoto wakati sokoni bei yake iko juu kuliko ya bonge. Kwenye karatasi hesabu inakubali. Ila hesabu hiyo haiweki gharama ya kutengeneza ulichokiacha, na Bengals tunaweza kuwaangalia risiti zao: 2022 wakawanunua watu wa laini Alex Cappa, Ted Karras na La'el Collins kwa mpigo, 2023 wakampa Orlando Brown Jr., naye wa laini, milioni 64 kwa miaka 4, na 2024, chaguo lao la raundi ya kwanza kabisa, namba 18, wakamchukua Amarius Mims wa Georgia, mtu wa laini, pembeni kulia. Nafasi ile ile aliyocheza Sewell misimu hiyo.