Kabla hujajibu ile meseji

Wengi tunadhani ukishapita 30, una kazi na familia, basi umekomaa, kumbe mtu anaweza kuwa na mvi na bado akikwazwa kidogo anazima simu siku nzima ili atafutwe. Mi naona ukomavu unaonekana kwenye vitu vidogo, mfano grupu la WhatsApp la mchango wa harusi, mtu anakuuliza mbele ya wote ahadi yako vipi, hapo hapo moyo unaenda mbio, masikio yanapata moto, vidole vishaanza kuandika. Hiyo ni adrenalini, homoni inayotoka mwili ukijiandaa kupigana. Subiri kwanza ipoe. Jiulize, hii ni hasira kweli au naona aibu sababu hela sina? Mara nyingi ni aibu, na hiyo inaisha ukimfuata mweka hazina inbox, "dada yangu, mwezi huu nimebanwa, naomba nitoe tarehe 30."

Na kaka zetu jamani, mmekuzwa na "mwanaume halii" mpaka kusema nimeumia mnaona ni udhaifu. Inaniuma sana kuona mtu mzima anamfokea mkewe kisa chumvi, kumbe usiku halali anaogopa kupunguzwa kazini. Mwambie tu mwenzio unaogopa.